Kuugua na Kifo

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Hakuna kikao kilichonichagua. Bibi alipofariki nilikuwa kidato cha tano, mwandiko wangu ulisomeka, na wakubwa walikuwa hoi kwa kilio. Nikapewa kalamu na daftari la hesabu, nikaambiwa niandike yatakayosomwa kanisani. Tangu hapo, msiba ukitokea, anayenipigia simu kunipa habari huongeza kabla hajakata: "Na uje na kalamu."

Yeyote aliyewahi kuzika kwetu anaujua mpangilio wa karatasi hizo. Kuzaliwa. Elimu. Kazi. Ndoa na watoto. Maisha ya kiroho. Halafu, kabla ya shukrani kwa madaktari, majirani na wote waliochangia kwa hali na mali, inakuja aya fupi ambayo ndiyo watu wanaisubiri: Kuugua na kifo. Msomaji akifika hapo, minong'ono hukoma. Hata vijana waliochimba kaburi, wakiwa wameegemea majembe yao pembeni, hugeuza shingo. Aya hiyo inajibu swali ambalo kila mmoja aliuliza alipopata simu, kabla hata ya kuuliza mazishi ni lini: alikuwa anaumwa nini?

Februari 2021 niliandika aya hiyo kwa ajili ya baba yangu mdogo. Ina mistari miwili. Nimeandika mengi tangu nianze kushika kalamu, na hakuna linalonirudia usiku kama mistari hiyo miwili.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, na tangu nikiwa mtoto alikuwa mwalimu wa kwaya. Waimbaji wapya hakuwafundisha wimbo. Aliwafundisha pumzi. Aliwalaza chali kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia, kila mmoja na kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, akapita katikati yao akisema kitabu kipande, kifua kitulie. Nililazwa pale nikiwa na miaka 9. Nakumbuka baridi ya saruji mgongoni na kitabu kikipanda na kushuka kama mtumbwi. Alisema mtu asiyejua kuvuta pumzi hawezi kumaliza sentensi, iwe ya wimbo au ya maongezi, na kwamba uongo mwingi wa duniani unatokana na watu kukata sentensi katikati.

Jumapili aliimbisha kwaya kama kawaida. Alhamisi alikuwa anazungumza kwa maneno matatumatatu, akitulia katikati kama mpanda mlima. Jumamosi tulimpeleka hospitali. Katika wodi ile mtungi mmoja wa oksijeni ulikuwa ukihamishwa kutoka kitanda hadi kitanda, na ndugu za wagonjwa walikuwa wameketi kwenye korido wakisubiri zamu ya mtu wao kupumua. Daktari kijana alituita pembeni, akatazama mlangoni kwanza, akasema ni nimonia kali. Tukamwuliza kama atapimwa. Akasema, "Wazee wangu, hali mnaijua." Hatukumwuliza tena, kwa sababu kweli tulikuwa tunaijua. Jumanne alfajiri mama mdogo alipiga simu na hakusema neno, na hakukuwa na haja.

Tulimsafirisha kijijini, Uluguru. Usiku ule, chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kuandika. Kuzaliwa kulikwenda vizuri. Elimu ikaenda. Nilipofika kwenye kwaya niliandika ukurasa mzima, na hakuna aliyenizuia. Nilipofika mwisho nikanyanyua kichwa, nikamtazama baba mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti wa msiba. Hakufikiri sana. "Andika alipata changamoto ya upumuaji."

Msomaji wa Tanzania aliyekuwa na akili timamu mwaka ule hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mei 2020 taarifa za nchi zilisema wagonjwa wa korona ni 509 na waliokufa ni 21, kisha hesabu ikasimama. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Juni, nchi ikatangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, gazeti la Mwananchi lilikuwa limefungiwa leseni yake ya mtandaoni kwa miezi 6 na kutozwa faini ya shilingi milioni 5 kwa sababu ya picha moja ya rais akiwa katikati ya watu. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na miongoni mwa makatazo yake lilikuwemo la kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake, na katika ibara hiyohiyo imo haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio yaliyo muhimu kwa maisha ya wananchi. Niliisoma tena mwaka ule, peke yangu, kama mtu anayesoma barua ya zamani ya mtu aliyempenda.

Kwa hiyo wimbi la pili lilipokuja, mwanzoni mwa 2021, lilitukuta hatuna jina la kuliitia. Watu walisema nimonia. Walisema homa ya mapafu. Walisema "hiki kifua cha siku hizi." Tangawizi na malimao vilipanda bei sokoni, na majumbani watu walijifunika mablanketi juu ya sufuria za majani ya mwarobaini na michaichai, wakijifukiza. Mwili ulijua. Soko lilijua. Pale kwetu msibani mtu alikuwa ameweka ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni mlangoni, bila kutoa maelezo yoyote, na kila aliyeingia alinawa bila kuuliza. Ndoo ile ilisema zaidi ya karatasi yangu.

Niliandika: "Marehemu alipata changamoto ya upumuaji, akapelekwa hospitali kwa matibabu. Jitihada za madaktari hazikufanikiwa, akafariki dunia Jumanne alfajiri." Kisha, kama desturi inavyotaka, niliingia chumbani nikawasomea wanawake karatasi nzima, kwani mjane husikia kwanza. Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyosha. Alisikiliza kuzaliwa, elimu na kazi, na kwenye kwaya akalia. Nilipofika kwenye aya ya mwisho alinyanyua mkono. "Ruka hapo, mwanangu," akasema. Nilidhani hawezi kuvumilia kusikia kifo chake. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kuwa nilikosea.

Nataka kuwa mkweli kuhusu ukimya, maana si kila ukimya ni mbaya, na sisi watu wa pande hizi tumelelewa ndani ya sitara. Maiti husitiriwa. Anayeosha haelezi alichokiona. Nimeandika wasifu wa watu waliokunywa pombe mpaka ini likakataa, na nikaandika "aliugua kwa muda mfupi"; nimeandika wa binti aliyejitoa uhai, na sikuandika namna. Sijuti. Familia ilikaa, ikatafakari, ikachagua kumfunika mtu wake shuka, na hilo ni pendo.

Nakumbuka pia ukimya mwingine, wa utotoni mwangu. UKIMWI ulipoingia nchini kwa kupitia Kagera mwaka 1983, watu wa kule waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Baadaye ukaitwa mdudu, ukaitwa umeme, ukaitwa ngoma. Katika wasifu ukaitwa "maradhi ya muda mrefu". Makaburi yalijaa vijana waliokufa kwa maradhi ya muda mrefu kabla hawajafika miaka 30. Ule ulikuwa ukimya wa aibu, na uliua. Lakini ulikuwa wetu, na kwa kuwa ulikuwa wetu tuliweza kuuvunja. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alisimama mbele ya watu wake akasema anao ugonjwa huo, na akatumia miezi iliyobaki ya uhai wake kuzunguka mashuleni na makanisani akisema. Alifariki Desemba ya mwaka huohuo. Miaka 10 baadaye Rais Benjamin Mkapa akautangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete akapima hadharani. Nimewahi kuandika wasifu wa shangazi aliyeniagiza mwenyewe, akiwa hai, nilitaje jina la ugonjwa wake kwa herufi kubwa. Padri alipolisoma, hakuna aliyeinama kwa aibu.

Kiswahili kinatofautisha kunyamaza na kunyamazishwa, na tofauti iko katika viambishi vichache tu mwishoni mwa neno. Ukinyamaza, ufunguo umebaki mfukoni mwako. Unaweza kuamka kesho ukasema. Ukinyamazishwa, ufunguo anao mtu mwingine, ambaye hakumjua marehemu, hakukaa naye korido kusubiri zamu ya oksijeni, wala hatakuja kwenye arobaini. Usiku ule baba mkubwa hakuwa akimsitiri mdogo wake. Hakukuwa na cha kusitiri. Kuishiwa pumzi si aibu. Alikuwa anatulinda sisi, mimi hasa niliyeshika kalamu, dhidi ya mtu asiyekuwepo. Na hakuna aliyetutisha! Hakuna askari aliyepanda mlima ule wala barua iliyotufikia. Tulifanya kazi hiyo wenyewe, gizani, kwa kunong'ona, na tuliifanya vizuri.

Wapo waliosema. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepata korona. Kilitaja jina la ugonjwa bila kuzunguka. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari. Simjui kwa karibu yule mzee na siasa zake nawaachia wengine, lakini nakumbuka nilivyosikia neno lile likisemwa juu ya mtu mkubwa wa nchi hii, bila msamiati wa kulifunika, nikahisi kama mtu amefungua dirisha katika chumba kilichojaa moshi. Na mwezi wa Januari huohuo maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini. Mapema Machi, katibu wa Baraza la Maaskofu, Padri Charles Kitima, akaeleza kuwa katika miezi 2 Kanisa limezika mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 waliokuwa na matatizo ya kupumua. Hakusema walipimwa. Alichofanya ni kuhesabu wafu wake na kusema hesabu kwa sauti.

Nimeifikiria sana hesabu ile. Katika nyumba ya watawa wanajuana kwa majina, kila sista ana kitanda chake na kiti chake kanisani, na kiti kikibaki kitupu huwezi kujidanganya. Walihesabu viti. Familia zetu nazo zilikuwa zikihesabu, kila moja kivyake, moja hapa, mbili kule, bila kujua kuwa nyumba ya jirani nayo inahesabu. Msiba uliojumlishwa huwa habari, na habari huweza kumfanya mtu afunge mlango, avae barakoa, asisafiri kwenda kuzika. Msiba usiojumlishwa hubaki kuwa mapenzi ya Mungu kwa kila mlango.

Nikiwa mdogo, kwa babu, palikuwa na saa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele: saa ya matangazo ya vifo Radio Tanzania. Mtangazaji alitaja marehemu, akataja aliyefiwa, kisha akaanza kutaja ndugu na vijiji vyao, na habari ziwafikie popote walipo. Babu aliinama karibu na redio akiwa hamjui hata mmoja. Nilimwuliza kwa nini anasikiliza vifo vya watu asiowajua. Akasema huenda yupo jirani yetu anayemjua, na hana redio. Baadaye nilijifunza kwamba neno tanzia lina asili ya Kiarabu na maana yake huko ni faraja, kuwapa pole wafiwa. Sisi tukalichukua tukaliita tangazo lenyewe. Nadhani hatukukosea. Anayekutangazia ameanza tayari kukufariji, kwa kuwa amekubali kwamba jambo limetokea.

Ndiyo maana siwezi kuiwaza karatasi ya baba mdogo bila kumwaza pia mtu ambaye hana karatasi.

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea, akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, kusini mwa Dar es Salaam katika barabara iendayo Lindi na Mtwara. Kati ya 2015 na 2017 watu walikuwa wakiuawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji: wenyeviti wa vijiji, viongozi wa chama, askari. Aprili 2017 polisi 8 waliuawa siku moja. Azory aliishi hapohapo. Aliyoyaandika yalikuwa ya barabara yake na majirani zake. Tarehe 21 Novemba 2017 aliondoka na watu wasiojulikana, akamwachia mkewe ujumbe kuwa ana safari ya kikazi na atarudi. Hakurudi. Wenzake waliuliza kwa miaka swali lenye maneno matatu: yuko wapi Azory? Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, akihojiwa na BBC, alimtaja kama mtu aliyepotea na kufa. Hazikupita siku nyingi, akasema hakueleweka. Kwa siku hizo chache familia ile ilikuwa na kifo, kisha ikanyang'anywa hata hicho.

Hapa tena lugha yetu inajua zaidi yetu. Ipo kufiwa, ipo kupotelewa. Aliyefiwa huketi chini, watu wakaja na kuni na unga, akapewa pole, akapikiwa, na siku ikifika tanga likaanuliwa akarudi kuishi. Aliyepotelewa hana mahali pa kuketi. Akilia, anaambiwa usimlilie mtu mzima. Asipolia, anaambiwa umemsahau. Watoto wanakua, wanajaza fomu za shule, kwenye nafasi ya baba kuna sehemu ya kuandika yupo au amefariki, na kalamu inasimama. Mimi niliyezoea kuandika wasifu nimejaribu kichwani kuandika wa Azory: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa. Nikifika kwenye aya ile, sina hata kichwa chake cha habari.

Na wale wa Kibiti aliokuwa akiwaandika? Baada yake, nani aliendelea kwenda vijijini kuuliza? Mwandishi akipotea, hubeba na yale ambayo angeyaandika kesho yake, na hayo hayana mtu wa kuyadai kwa kuwa hakuna anayeyajua. Wapo waliouawa, wapo waliochukuliwa, na habari zao ziko kwenye vifua vya mama zao tu. Hao mama wanazeeka.

Machi 2021 ukimya ulipanda mpaka juu kabisa. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Kwa siku 18 nchi ilinong'ona, na wapo waliokamatwa kwa kuandika kwamba mkuu wa nchi ni mgonjwa. Usiku wa tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kuwa Rais amefariki kwa maradhi ya moyo. Nilikuwa sebuleni na watoto. Naye alikuwa baba wa watu, mume wa mtu, mwana wa mama mzee aliyekuwa kitandani Chato, na nilimwombea. Kilichonisikitisha zaidi usiku ule ni kwamba tangazo, lilipokuja, lilikuta watu wamezoea kutoamini matangazo. Majirani zangu walilia kweli, lakini kabla ya kulia waliulizana, "Ni kweli?" Sikumbuki kama babu, akiwa ameinamia redio yake, aliwahi kuuliza hivyo.

Mambo yalibadilika, na itakuwa dhuluma nisiyaseme. Aprili ikaundwa kamati ya wataalamu. Julai 2021 zikaja dozi 1,058,400 za chanjo, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Tukalisikia neno korona kutoka kinywa cha serikali, tukajiona tunarudiwa na kitu. Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa au kunyang'anywa leseni, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yakaruhusiwa tena. Asubuhi iliyofuata nilipita kwenye meza ya magazeti pale ninapopandia daladala. Zamani meza ile ilikuwa bunge. Watu walisimama wakisoma vichwa vya habari bila kununua, muuzaji akiwafukuza kwa mdomo tu, fundi viatu akibishana na mwalimu, na bodaboda mmoja aliyesoma gazeti moja kwa siku akiwasomea wengine watano. Muuzaji nilimkuta ameongeza vocha, soksi na chaja za simu. Magazeti yalikuwa yamebaki pembe moja. Nilimwuliza wale watu wa ubishi wako wapi. Alisema walipungua mmojammoja, hakuna siku hata moja anayoweza kuionyesha kwamba ndiyo waliyoondoka. "Siku hizi mtu akisoma anasoma kimya," alisema, akanirudishia chenji.

Ruhusa inaweza kurudi kwa tangazo la saa moja asubuhi. Kipimo ambacho baba mdogo hakufanyiwa hakirudi. Hatujui alikufa kwa nini hasa, na hatutajua. Wala mimi leo, nikiwa huru kuandika neno lolote nitakalo, sina neno la hakika la kuandika. Na lipo zaidi. Mistari yangu miwili ilisomwa kanisani, na watu zaidi ya 300 wakasikia kwamba hakuna cha kuogopa isipokuwa changamoto. Wakaja kumpa mama mdogo mkono. Wakamkumbatia. Kwaya nzima ilisimama bega kwa bega kuzunguka jeneza la mwalimu wao, ikavuta pumzi kama alivyoifundisha, kutoka tumboni, kwa kina, ikaimba. Kabla ya arobaini, wawili katika kwaya ile walizikwa. Mmoja alikuwa sauti ya pili, mama wa watoto watatu. Wasifu wao niliombwa niwaandikie, nikasingizia safari.

Nimelibeba hilo na sitaki mtu aniambie halikuwa kosa langu. Ningeweza kuandika "dalili zake zilifanana na za korona". Maneno sita. Huenda yangefutwa na baba mkubwa. Huenda yasingezuia lolote. Lakini yangekuwa yamesemwa, na yule mama wa sauti ya pili angesimama pale akiwa amechagua.

Tulifanya misa ya kumbukumbu ya mwaka, kijijini, baada ya kaburi kujengewa. Watu walipoondoka nilimkuta mama mdogo kibarazani, ungo mapajani, akichambua mchele. Alinionyesha kigoda.

"Umekuja na kalamu, mwanangu?"

Nilikuwa nayo.

"Ile karatasi aliyoisoma mjomba'ko wa Kinole siku ile, ninayo. Yote nzuri. Ile ya mwisho sikuitaka. Nilikwambia uruke. Hamkuwa mmeandika alivyoumwa, mliandika mnavyoogopa." Alisema bila ukali, vidole vikiendelea kutafuta mawe katika mchele. "Sasa andika nikwambie."

Nikafungua daftari.

"Andika Jumapili aliimbisha, na jioni akasema koo linawasha. Andika Jumatatu hakuhisi harufu ya kahawa, akadhani nimeichanganya na maji mengi. Andika Alhamisi usiku aliniomba nifungue madirisha yote, mbu wakaingia, akasema acha waingie. Andika hakupimwa. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Andika tuliomba apimwe, na hakupimwa. Andika Jumatatu alinishika mkono akawa anahesabu, moja mbili tatu nne, kama anavyohesabia wanakwaya, nikajua anajifundisha kupumua. Andika na wale wawili, majina yao, maana walimfuata." Akanyamaza kidogo. "Hiyo ndiyo aya yake. Soma."

Nikasoma. Sauti ilinigeuka katikati, nikaharakisha ili nifike mwisho.

"Unakimbia," alisema, akaweka ungo chini. "Angekurudisha mwanzo huyo. Vuta pumzi, usome tena."

Nikaanza upya, kutoka Jumapili.